Makaa Yaliyoiva

Jumatatu, tarehe 14 Julai 2025. Ukungu umeshuka mpaka kwenye majani chai. Manyunyu tangu alfajiri. Mlima hauonekani, na mbuzi wamekataa kutoka zizini.

Hivyo ndivyo nilivyoandika asubuhi ile, kwa sababu Mwalimu Riungu wa darasa letu la jioni la watu wazima, ngumbaru, hutaka kila andiko lianze na tarehe na hali ya hewa. Sikuwa nimeweka kalamu chini Mutugi, mwanangu, aliponipigia simu kutoka hospitalini Embu. Mkewe Gatwiri amejifungua mvulana wa kilo mbili na robo. Wangeruhusiwa kuja nyumbani Jumamosi.

Nilipiga magoti pale pale jikoni nikamshukuru Mungu. Mtoto huyo ni Gachoki, jina la marehemu mume wangu, kwa maana kwetu mvulana wa kwanza huchukua jina la baba wa baba yake. Nilipoinuka nilienda kwenye chumba ambacho mama na mtoto wangelala, nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Kabla ya saa sita Ndwiga alikuwa amefika. Ndwiga ni kaka mkubwa wa mume wangu, mzee wa kanisa, na neno la mwisho katika boma letu hutoka kinywani mwake. Mkononi alibeba jiko jipya la makaa, zawadi kutoka kwa mama yao, mzee Virginia, ambaye sisi sote tunamwita Cucu, yaani bibi. Alisema Cucu amelichagua mwenyewe sokoni, akilipiga kwa ukucha kusikia kama udongo wake una ufa. Ni la kupasha joto chumba cha mzazi, kama alivyofanya yeye kwa watoto wake saba. Nililipokea kwa mikono miwili. Zawadi ya Cucu haikataliwi. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kulikataa, na sababu yake sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Julai ya mwaka jana nilikuwa na vifaranga thelathini na wawili ndani ya stoo. Baridi ilikuwa kama hii. Niliwasha jiko nje, nikangoja moshi uishe na makaa yaive vizuri, yawe mekundu bila hata uzi mmoja wa moshi, ndipo nikaliingiza ndani. Sisi sote huku hufanya hivyo. Tunaamini moshi ndio mbaya, na ukishaisha, ubaya umekwisha. Nikaziba dirisha kwa gunia ili joto lisitoroke. Asubuhi niliwakuta wote wamelala chini, hakuna aliyeungua hata unyoya. Majirani walisema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Ndwiga alikuja akaomba kwa sauti kubwa adui wa boma hili aaibishwe, nami nikaitikia amina.

Mwezi wa tano mwaka huu, Mwalimu Riungu alitufundisha juu ya hewa inayotoka kwenye makaa. Alisema haina rangi, haina harufu, wala haiishi moshi unapoisha. Mtu huivuta huku akidhani anasinzia. Alichora nyumba ubaoni, akachora na dirisha lililofungwa. Nilinakili mchoro ule. Nilimjua adui wa boma letu. Alikuwa ni mimi.

Kwa hiyo Jumanne niliteremka Embu kutafuta njia nyingine. Muuza vifaa vya umeme alicheka kwanza. Aliniambia Kenya ni nchi ya joto, mashine za kupasha nyumba ni mambo ya Ulaya, na ile moja aliyokuwa nayo ilikuwa imekaa ndani ya boksi mpaka vumbi likaota mizizi. Nilimwambia nchi ya joto iko kwenye ramani, aje alale kwetu Kibugu usiku mmoja wa Julai. Lakini ya umeme niliiacha. Kwetu stima hupotea mvua ikianza kunyesha, na mtoto mchanga hawezi kuambiwa asubiri irudi. Akanionyesha nyingine ya gesi. Niliuliza hewa iliyoungua inatoka nje kupitia wapi. Akajibu kwamba gesi haina moshi, mama, usiwe na wasiwasi. Nikamuaga.

Niliomba njia nzima ya kurudi. Sikuomba ishara. Niliomba akili. Na nilipoingia jikoni kwangu nikaona kitu ambacho nimekitazama miaka ishirini bila kukiona: ukuta wa jikoni ndio huo huo ukuta wa chumba cha mtoto.

Fundi Njiru alikuja Jumatano. Nilimwambia anijengee jiko la kuni la matofali na udongo, limeegemea ukuta ule, lenye bomba la bati la kutoa moshi juu ya paa. Moto ubaki jikoni, ukuta peke yake ndio upeleke joto chumbani. Kuni ninazo, matawi ya chai tuliyopogoa mwaka jana, makavu kabisa. Njiru alikuna kichwa, akasema hajawahi kuulizwa kitu kama hicho, kisha akafurahia kazi kuliko mimi. Alimaliza Alhamisi jioni. Aliniachia onyo moja: udongo ni mbichi, kwa wiki mbili niwashe moto mdogo tu, la sivyo jiko litapasuka.

Wiki mbili. Na mtoto anakuja baada ya siku mbili.

Jumamosi manyunyu hayakuwa yamekatika. Mutugi alimleta mkewe na mtoto, akarudi kazini Nchiru. Wanawake wa kanisa wakafika na uji wa wimbi kama ilivyo desturi, wakajaa sebuleni, wakanitania kwamba mume wangu amerudi akiwa amekonda na hana meno. Cucu aliketi karibu na mlango wa chumba, fimbo magotini. Mimi nilikuwa nikishika ukuta kila mara. Ulikuwa umeacha kuwa baridi, lakini joto hulipati. Gatwiri, ambaye ni msichana wa Kanyakine na si mtu wa kulalamika, alinivuta kando akasema polepole, "Mami, mikono yake imekuwa baridi."

Ndipo Ndwiga alipoingia na jiko la Cucu. Alikuwa ameliwasha nje mwenyewe. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, bila moshi.

"Mama Mutugi, nipishe," alisema. "Yameiva."

Nilisimama mlangoni mwa chumba. Nilimwita Mungu kimya kimya, mara moja tu.

"Baba Kananu," nilimwambia Ndwiga, "jiko hilo halivuki hapa."

Aliwageukia wanawake akicheka. "Mnamwona? Ngumbaru imempanda kichwani. Amesoma mpaka ameanza kuogopa moto."

Walicheka. Mmoja akasema niachwe, namwonea wivu mume wangu mdogo, wakacheka zaidi. Ndwiga aliacha kucheka kwanza. Alinikumbusha kwamba sote tulilelewa na moto pembeni mwa kitanda, na yeye yuko hai ana mvi. Alisema jiko ni la Cucu, nami namwaibisha mbele ya watu. Kisha akasema wataombea chumba, na Mungu atamlinda mtoto.

"Mimi humwomba Mungu anilinde na nyoka," nilimwambia. "Lakini simtandikii nyoka kitanda."

"Umeniita nyoka?"

"Nimeyaita makaa."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Niliona nyuso zao na nikajua neno nililolificha mwaka mzima limefika mdomoni.

"Vifaranga wangu hawakufa kwa kideri," nilisema. "Niliwaua mimi. Nilifunga dirisha nikawawekea makaa yaliyoiva, mazuri kama hayo uliyoshika. Uliomba adui wa boma aaibishwe. Haya, ameaibika."

Uji uliendelea kutoa mvuke vikombeni.

"Mtoto si kifaranga," Ndwiga alisema hatimaye.

"Ndiyo. Vifaranga nilinunua wengine."

Mkono wake ulikuwa umeanza kuchoka, jiko likaning'inia upande. Nikamsogelea, nikamfungulia mlango wa chumba mpaka mwisho.

"Basi tangulia wewe. Ingia nalo, nifunge dirisha, nifunge mlango, ukae humo mpaka sisi tumalize uji. Ukitoka unaimba, nitakuomba msamaha mbele ya kanisa lote."

Alitazama ndani ya chumba. Alitazama makaa. Akasema kifua chake hakijapona vizuri tangu mwezi wa sita. Mwanamke mmoja alikohoa ndani ya kikombe chake, na nadhani hakikuwa kikohozi.

Cucu aligonga fimbo sakafuni. Alitaka kuinuliwa. Tulimshika, mimi mkono huu na Gatwiri, aliyempakata mtoto, mkono ule, tukamwingiza chumbani. Hakutazama kitanda wala mtoto. Alitazama juu, kwenye dari, kona hadi kona, kama mtu anayetafuta tundu la panya.

"Nyumba yangu ilikuwa na nyasi juu," alisema. "Jua liliingia humo, moshi ukatoka humo. Hii inapumulia wapi?"

Ndwiga alisema kutoka mlangoni kwamba makaa hayana moshi, Mama.

"Kila moto una moshi. Ule usiouona ndio unaokucheka." Akamwonyesha nje kwa fimbo. "Peleka jiko langu chini ya paa la ng'ombe. Uwachomee wageni mahindi."

Mzee wa kanisa akageuka, akapeleka jiko kwenye paa la ng'ombe.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Cucu hakuachia mkono wangu. Aliweka kiganja chake kingine kwenye ukuta wangu mpya, akakiacha hapo kwa muda mrefu, na uso wake haukulainika.

"Huu ni uvuguvugu tu," alisema. "Umekataa moto wangu, Nelius, mbele ya wanawake hawa. Sawa. Sasa mjukuu wa mwanangu utampasha joto na nini? Na madaftari?"

Wanawake walikuwa wamesimama mlangoni wote, vikombe mkononi. Gatwiri alinitazama. Nilimchukua mtoto kutoka kwake. Nilifungua vifungo vya sweta na blauzi, nikamweka kifuani pangu akiwa na nepi na kofia tu, nikamfunika kwa leso na blanketi juu yake. Miguu yake ilinigusa tumboni, baridi kama chura. Alilia kidogo, kisha akanyamaza, akaanza kunusa nusa shingo yangu. Nikaongea kwa sauti ambayo hata Ndwiga aliye nje angeisikia.

"Nasema mbele ya Mungu, mbele yako Cucu, na mbele yenu nyote. Mpaka ukuta huu upate joto, Gachoki atalala kifuani, kwa mama yake au kwangu, ngozi kwa ngozi kama nesi alivyomfundisha Gatwiri. Tutapokezana, na anayembeba atakaa macho, hata kama ni wiki mbili. Na maadamu mimi Nelius ningali hai, moto hautalala chumba kimoja na mtu ndani ya nyumba hii."