Friji ya Mama Brian

Siku hiyo paredi iliitwa kabla jua halijachomoza, kwa hiyo Koplo Elinami alikosa sindano yake ya asubuhi. Hadi lori la kituo linawashwa alikuwa ameshakunywa maji ya bomba mpaka tumbo limejaa, na bado ulimi ulimganda kinywani.

"Koplo, jana ulikula ng'onda wa chumvi nini?" konstebo mmoja alimtania. Wenzake wakacheka. Elinami naye akacheka, maana asiyecheka huulizwa.

Kazi ya siku ilikuwa kuondoa vibanda Kaloleni. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye ukuta alikuwa ametoboa dirisha akauza kitu. Serikali ile ile iliyowaambia watu wajitafutie, sasa ilituma lori likachukue walichokipata. Sajenti Parsimei aliisoma amri, akakunja karatasi, akapanda mbele na dereva.

Elinami alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kituoni hakuna aliyejua. Ulikuwa mwaka wa kupunguza wafanyakazi, na mgonjwa ndiye aliyetangulia kupewa barua. Mke na watoto walikuwa kijijini Akheri, kwenye kihamba, shamba la ukoo ambalo kahawa yake haikulipa tena hata gharama za dawa ya kunyunyizia. Chumba alicholala kambini kilikuwa cha watu watatu na hakikuwa na friji. Ndiyo maana insulini yake ilikaa Kaloleni kwa Hedwiga, mama Brian, mjane wa Kirombo aliyeuza soda na maziwa mgando dirishani. Ilikuwa kwenye friji yake, ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo, nyuma ya maziwa. Kila asubuhi Elinami aliingia kwa mlango wa nyuma kama mtu anayefuata chai, akajichoma stoo, akala, akaenda kazini.

"Baba Magreth, mficha maradhi kifo humuumbua," Hedwiga alikuwa akimwambia.

"Kifo kitaniua peke yangu, mama Brian. Kupunguzwa kutatuua nyumba nzima."

Lori liliposimama mbele ya dirisha lake, Hedwiga alimwona Elinami akishuka, akageuza macho kama hajawahi kumwona. Elinami aliona aibu. Afadhali Hedwiga angemsalimia.

"Leseni," alisema Sajenti.

"Nafuatilia, afande. Kila nikienda naambiwa anayesaini hayupo."

"Basi na friji haipo. Pakieni."

Elinami na konstebo wakaishika friji huku na huku. Hedwiga akawahi kufungua mlango wake, akatoa kopo.

"Hiki nakitoa. Ni dawa."

Sajenti alilichukua, akafungua. Kichupa, na mabomba ya sindano. Uso ukamchangamka kidogo.

"Dawa gani hii ya kufichwa kwenye maziwa?"

"Ya sukari."

"Ya nani?"

Elinami alikuwa ameinama, mikono chini ya friji. Alingoja asikie jina lake.

"Ya kwangu," alisema Hedwiga.

"Kila muuza unga siku hizi ana dawa yake. Haya, jichome tuone."

Watu walikuwa wameshajaa. Hedwiga alichukua bomba. Alikuwa ameona mara nyingi jinsi inavyofanywa. Alilichomeka kwenye kichupa, akavuta, akazidi kuvuta, na Elinami akaona dawa inapita kipimo chake yeye mgonjwa, inakaribia kujaa. Mtu mzima asiye na sukari angeanguka nayo kabla ya saa sita. Hedwiga hakulijua hilo. Akapandisha mkono wa gauni.

Elinami aliiachia friji.

"Koplo, shika! Mguu wangu!" konstebo alipiga kelele.

"Ni yangu, afande."

"Nini yako?"

"Dawa. Na ugonjwa."

Alilichukua bomba mkononi mwa Hedwiga, akarudisha dawa iliyozidi, akafungua mkanda, akachomoa shati la sare. Akafinya ngozi ya tumbo, akajichoma mbele ya watu ambao hadi jana walikuwa wakimkimbia. "Pole, afande," mwanamke mmoja alisema. Hiyo pole ilimuuma kuliko sindano.

Sajenti alifunika kopo, akamrudishia.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na bunduki tunakupa." Alitikisa kichwa. "Tutaongea ofisini. Shika friji twende."

"Siwezi, afande. Nikishajichoma lazima nile."

"Utakula kituoni."

"Dawa haitangoja kituo."

Aliketi kwenye kreti la soda. Hedwiga alimtazama Sajenti, kisha akafungua hotipoti, akapakua kiburu kilichobaki jana, ndizi na maharage, akampa. Habari ya friji hakuiuliza.

Wengine waliibeba. Maziwa yalimwagika toka dirishani hadi kwenye lori, na konstebo alichechemea akimtukana Elinami chini chini. Dereva akapiga honi.

"Koplo," alisema Sajenti, "unakula chakula cha mtuhumiwa."

"Ndiyo, afande."

Alitafuna taratibu. Kopo la Kimbo lilikuwa mapajani, bado la baridi, na friji pekee aliyoijua mjini ilikuwa inafungwa kamba juu ya lori. Barua aliijua itakavyosema. Honi ikalia tena, ndefu.

Elinami aliinua sahani.

"Mama Brian," alisema, "niongezee kidogo."