Masharti ya Cherehani ya Marehemu Muniru

Arobaini ya mumewe ilipokwisha, Hajara alirithi cherehani, na pamoja na cherehani akarithi barza ya kuikalia.

Mumewe Muniru alikuwa fundi aliyesifika kwa kanzu kuanzia Tororo hadi Busia. Mwaka wa 1934 aliinunua cherehani ile kwa Bwana Wahabi, mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni ya reli ya Tororo. Aliipata kwa nusu ya bei, akalipa palepale, akatia dole gumba kwenye karatasi iliyopigwa taipu kwa Kiingereza. Wahabi hakumficha kitu. Alimfasiria masharti yote kwa Kiswahili. Cherehani itakaa kwenye barza ya duka la muuzaji kwa miaka kumi. Itashona vitambaa vya duka hilo tu. Haitashonewa na mtu mwingine ila mnunuzi mwenyewe, na akifa, mrithi wake. Haitanyamaza zaidi ya siku tatu mfululizo. Likivunjwa sharti moja, inarudi dukani bila fidia.

Muniru aliporudi nyumbani Busia alimsimulia mkewe huku akicheka.

"Mi nilikuwa natafuta barza yenye wateja," alisema. "Huyu bwana kanipunguzia bei ili nikae palepale ninapotaka kukaa. Nani kamshinda mwenzake?"

Miaka miwili baadaye homa ilimlaza siku tano, na siku ya sita wakamzika. Siku za ugonjwa wake na za arobaini Wahabi hakuzihesabu.

Hajara alijua kushona. Muniru mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Basi akafunga virago, akambeba mtoto wao Hasifa mgongoni, akaenda Tororo kuendeleza kazi. Wahabi alimpa stoo ya nyuma alale. Lakini ile stoo ilijaa vumbi la pamba na majora, na Hasifa, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa na kifua kibovu tangu kuzaliwa. Wiki ya pili mtoto akawa anakohoa mpaka anatapika. Hajara akamrudisha Busia kwa bibi yake, akarejea barzani peke yake.

Hapo ndipo alipoanza kuyajua masharti. Kwenda Busia ni siku nzima ya mguu, labda upate lori la pamba. Siku moja ya kwenda, moja ya kurudi, inabaki moja ya kukaa na mtoto. Na mteja aliyeahidiwa busuti, lile gauni refu la harusi, hangojei. Ikawa Hajara anakwenda mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine hata haendi. Alikuwa akikanyaga cherehani huku akitazama barabara ya kusini. Watu walimsalimu, wakamsifu kwa pindo zake zilizonyooka, wakamwambia ana bahati kuachiwa mali na mumewe. Naye aliitikia, "Alhamdulillahi," akaongeza kasi ya mguu.

Mwaka wa 1937, mvua za masika zilipoanza, dereva wa lori alimletea habari kwamba Hasifa ana surua.

Hajara aliondoka palepale. Tope lilikuwa la magotini. Alifika usiku, akamkuta mtoto amevimba macho, mwili wote moto. Alikesha akimkanda kwa kitambaa cha maji. Kutwa nzima iliyofuata homa haikushuka. Alfajiri ya siku ya tatu alijifunga kanga, akasimama mlangoni.

"Unakwenda?" mama yake aliuliza.

"Leo ndiyo siku ya tatu, mama."

"Na mtoto?"

"Nikiipoteza mashine, tutamlisha nini akipona?"

Hasifa alikuwa macho. Alimtazama mama yake kwa lile jicho moja lililoweza kufunguka, asilie, asimwite. Hajara alitembea kutwa na jicho lile. Alifika Tororo jua likizama, akakaa barzani na nguo zake mbichi, akashona mshono mmoja kwenye kipande cha marekani ili Wahabi aisikie mashine ikilia.

Mtoto alipona. Ila Hajara alipokwenda tena, Hasifa alijificha nyuma ya bibi yake na hakutoka mpaka mama yake alipoaga kama mgeni.

Mwezi huohuo Wahabi alianza kupakia rafu na mizani kwenye lori. Alikuwa anafungua duka la pili Busia, kwa ajili ya wachuuzi wa samaki na simsim waliokuwa wakivuka mpaka. Hajara aliuona mzigo ukipita mbele yake, akaacha kukanyaga.

Jioni alikuja Omaido, karani wa stesheni, kuchukua suruali yake. Hajara alimtolea ile karatasi kutoka kwenye mkoba wa ukili.

"Nisomee, mwanangu. Polepole. Hilo neno la barza limeandikwaje?"

Omaido alipitisha kidole juu ya mstari. "Linasema barza ya duka la muuzaji."

"Duka la wapi?"

"Halijasema wapi, mama."

"Tororo haikutajwa?"

"Haikutajwa popote."

Alimsihi asome tena, kisha mara ya tatu, halafu hakumtoza ujira wa ile suruali.

Asubuhi aliingia dukani. Wahabi alikuwa akipima kaniki. Alimsikiliza hadi mwisho, akaiomba karatasi, akaisoma mwenyewe kwa miwani.

"Mama Hasifa, mimi na marehemu tulikusudia barza hii hapa."

"Mlichokusudia mnakijua ninyi wawili, na mmoja hayupo. Mimi nimefungwa na kilichoandikwa, na la Busia nalo ni duka lako."

"Busia wateja ni wachache. Utakula nini?"

"Nitakula kichache na mwanangu."

Wahabi alikunja karatasi taratibu. Alikuwa mtu wa karatasi. Biashara yake yote aliijenga juu ya watu kuheshimu walichotia dole. "Nikiikataa leo," alisema, "kesho na wewe utaikataa. Haya, nenda nayo. Lakini miaka saba iliyobaki inabaki, na siku tatu ni zilezile."

"Najua," alisema Hajara.

Cherehani ilisafiri juu ya magunia, imefungwa kwa kamba, na Hajara ameukumbatia mguu wa chuma njia nzima ili isigongwe. Duka la Busia halikuwa limepakwa hata chokaa. Alijichagulia pembe yenye mwanga, akatia uzi, akaanza kushona pazia la mlango wa duka lenyewe, kwa kuwa mteja hakuwepo.

Siku ya kwanza Hasifa hakuja. Siku ya pili alisimama ng'ambo ya barabara na bibi yake. Siku ya nne alikuja peke yake, akakaa kwenye ngazi, mbali kidogo, akiangalia gurudumu likizunguka.

"Unarudi lini Tororo?" aliuliza.

"Sirudi."

"Hata kesho?"

"Hata kesho. Nitakuwa hapa."

Mtoto alifikiri, akaokota vipande vya vitambaa vilivyoanguka chini ya mashine, akaanza kuvipanga kwenye ngazi kwa rangi. Hajara hakumsogelea. Aliendelea kukanyaga taratibu, jicho kwenye sindano, akihofia kwamba akisimama mtoto naye atasimama na kwenda zake.