Maadamu Jibu ni Nzuri

Usiku wa kuamkia leo niliota chatu amesimama mlangoni kwangu hapa Tanga, amevaa kanzu, anasubiri kupokea wageni wa posa. Sikushtuka. Nilijua nimemwajiri mwenyewe.

Mimi ni mpishi wa keki, nina miaka hamsini na minne, na kwa wiki mbili sasa binti yangu Mwanaidi ananifundisha Python, ile lugha ya kuandikia programu yenye jina la chatu. Leo watu wa Idrisa wanakuja kumposa Mwanaidi. Kwao neno la mwisho ni la shangazi mtu, Bi Hadia, ambaye sijawahi kumwona wala kumsikia, na nilikuwa namwogopa kweli. Kwa hiyo huko ndotoni niliandika programu ya kuwapokea, nisije nikajikwaa ulimi.

Nampa chatu karatasi. Anaisoma, kisha anaitazama sebule.

"Makochi yamebanana na ukuta," anasema. "Sheria ya Python: kilicho chini ya agizo husogezwa ndani nafasi nne."

Nasogeza makochi hatua nne. Kochi dogo linanung'unika kwamba lina mgongo mbovu na halijawahi kusomea mambo haya. Chatu analipima, anakuta hatua tatu na nusu, na anakataa kuanza kazi mpaka nilimalizie hiyo nusu.

Wageni wanafika, watu saba na sinia lililofunikwa kitambaa. Mbele yuko Bi Hadia, mfupi, mnyoofu, hacheki. Kabla ya kufungua mlango, chatu anamuuliza habari za safari.

"Nzuri," anajibu.

Ile nzuri inadondoka ndani ya kopo nililoliandika JIBU. Habari za Pangani? Nzuri. Kopo lina nafasi ya jibu moja tu, kwa hiyo nzuri mpya inaisukuma ya zamani mpaka sakafuni. Habari za watoto, za kazi, za mvua, za kuku, za jirani wa kulia, za jirani wa kushoto. Zote nzuri. Nikachukua ufagio nikaanza kuzifagia.

Baada ya habari ya arobaini nikamwambia chatu inatosha, awafungulie watu. Akanionyesha karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika: maadamu jibu ni nzuri, uliza habari nyingine.

"Mimi nafanya ulichoandika," akasema kwa upole. "Ulichotaka sikukiona."

Hapo nikajua nimeharibu. Mtu gani mwenye adabu zake atasimama mlangoni kwa wakwe, siku ya posa, aseme habari ni mbaya?

Nje ya mlango sasa ni stesheni ya reli. Pangani haina reli, lakini nyuma ya wageni kuna treni iliyoandikwa Pangani, nayo inanguruma. Mjomba wa Idrisa anatazama saa. Anawaambia wenzake kwamba wasipofunguliwa watarudi kwao, na posa ikishageuzwa mlangoni hairudi tena.

Mwanaidi anatoka chumbani, mikono yote ina hina mbichi, hawezi kugusa kitu. Ananiuliza kama niliweka njia ya kutoka kwenye maswali. Namjibu kwamba sikuwaza kutoka, niliwaza kupokea. Hanigombezi. Anaitazama tu ile treni, machozi yanamlengalenga, na mimi roho inaniuma kuona nimemponza mwanangu kwa mstari mmoja.

Nikamnong'oneza yule mjomba dirishani aseme mbaya, hata mara moja tu. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mama, unatutakia mkosi?" akasema, akainua sinia.

Chatu hana habari na hayo. Anauliza habari za paka. Nzuri. Habari za shimo la taka. Nzuri. Abiria wanaanza kupanda.

"Habari za magoti?" anauliza chatu.

Bi Hadia anainama. Anaiangalia miguu yake.

"Za magoti mbaya," anasema. "Mbaya tangu mwaka juzi. Na kusimama huku ndiko kunanimaliza."

Chatu anachungulia ndani ya kopo. Anafungua mlango.

Nilimpenda mama yule papo hapo. Waliingia wakikanyaga nzuri zilizofika vifundoni, nikamkalisha kwenye kochi dogo, nalo likampa pole kwa heshima zote. Mwanaidi akakaa mbele yake. Treni ikaondoka tupu. Bi Hadia akavuta pumzi, akasema, "Sisi tumekuja hapa," na mimi nikaamka.

Nilikasirika mno. Nimevumilia habari zote zile, halafu neno lenyewe silipati.

Kumbe kilichoniamsha ni simu. Namba siijui.

"Mama Mwanaidi? Ni Hadia hapa, shangazi yake Idrisa. Tumeshatoka Pangani."

Sauti ni ile ile. Nikakaa kitako kitandani, nikampa shikamoo, akaitika marahaba. Nikamuuliza habari za asubuhi, akasema nzuri. Nikamuuliza habari za nyumbani.

"Mkwe wangu," akasema, "hizo nyingine ulishaniuliza zote. Tukifika, wewe tufungulie tu tuingie."