Komeo la Nje

Katika nyumba nyingi komeo la bafu huwa ndani, ili anayeoga asiingiliwe. Katika nyumba ya fundi feni komeo lilikuwa nje, na aliyelifunga pale ni yeye mwenyewe, kwa skrubu nne ndefu, kisha akarudi nyuma hatua mbili kulitazama kwa majivuno. Sababu ilikuwa mwanawe wa mwisho, wa miaka miwili na nusu, ambaye nyumbani walimwita Tingatinga kwa kuwa hakujua kuzunguka kitu. Akikikuta njiani alipita juu yake. Tingatinga alipenda kuosha. Aliosha viatu vya baba yake, akaosha mto, na siku moja akaiosha redio ya mteja kwa sabuni, akaisuuza vizuri. Kesho yake komeo likawekwa, mahali ambapo dada yake wa miaka mitano angefika akinyoosha mkono, na yeye asingefika hata akipanda ndoo.

Dada huyo walimwita Mwalimu, maana hakuna aliyewahi kukosea mbele yake akaachwa hivi hivi. Fundi alimkabidhi komeo kwa heshima zote. Sheria zilikuwa mbili: ukilikuta wazi, funga; na ukiombwa kufungua usifungue, anayeomba awe nani, mpaka baba aje afungue kwa mkono wake. Na kwa kuwa fundi hakuamini kitu kabla ya kukijaribu, alimjaribu wiki nzima. Alimbembeleza, akamwambia amebanwa, akamwambia leo tu ameruhusiwa. Mara ya kwanza mtoto akafungua, akanyimwa biskuti. Hakufungua tena. Fundi akawa anajisifu kwa majirani kwamba ana binti ambaye hahongeki hata kwa machozi.

Hayo ni ya komeo. Kilichowaweka roho juu asubuhi hiyo kilikuwa usingizi.

Mkewe alikuwa muuguzi, na mwezi huo alipangiwa zamu za usiku. Wiki iliyotangulia alisinzia akiwa amesimama, mkono kwenye dripu ya mgonjwa, na mkuu wa wodi akamwambia, kwa upole uliomuuma kuliko kufokewa, kwamba ikitokea tena ataandika barua. Mama yake aliposikia akatoa suluhisho bila kuombwa: watoto waende kukaa kwake mwaka mmoja. Kwake ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Mume na mke wakabishana chumbani kwa sauti ya chini mpaka wakapatana. Fundi, ambaye kazi zake alizifanyia sebuleni, atapewa asubuhi tatu. Mama watoto akilala zote tatu bila kuamshwa, watoto watabaki. Akiamshwa hata mara moja, watafungasha. Siku ya tatu, saa sita mchana, bibi atapigiwa simu apewe jibu.

Siku ya tatu ilikuwa leo. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi, mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefungwa, na sebuleni watu watatu waliishi kwa kunong'ona kama wezi. Fundi alikuwa amefungua feni ya mteja juu ya meza, skrubu zake zikiwa kwenye kisosi, alipohisi pua inamwasha.

Sasa, chafya za fundi huyu hazikuwa za mchezo. Zilikuja tatu tatu, na ya tatu iliwahi kumwangusha paka wa jirani kutoka ukutani. Akanyakua taulo, akakimbilia bafuni kwa ncha za vidole, akauvuta mlango, akaufukia uso kwenye taulo akapiga moja, mbili, tatu. Macho yakamtoka machozi. Akatega sikio. Chumbani kimya. Akajipongeza, akashika mlango, na mlango haukwenda.

"Mwalimu," akanong'ona kwenye ufa.

"Nipo."

"Umefunga komeo."

"Ndiyo."

"Fungua basi, mama."

"Sifungui. Sheria."

"Sheria nimeitunga mimi. Leo naifuta."

"Hata siku ile ulisema umeifuta," mtoto akanong'ona. "Halafu ukala biskuti yangu."

Fundi akalegeza shingo, paji la uso likagusa mbao. "Safari hii si jaribio. Nakuambia kweli."

"Hata siku ile ulisema kweli."

Hapo ndipo alipoona alivyojichimbia. Kila neno ambalo mtu mzima angeweza kulitumia alikwisha kulitumia kwa uongo, na mtoto alikuwa amelihifadhi. Komeo lingefunguliwa na baba kwa mkono wake, na baba na mkono wake walikuwa upande huu. Angeweza kuugonga mlango kwa ngumi, lakini ukuta wa bafu ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha kulala. Kitanda kilikuwa hapo hapo, na kichwa cha mkewe pengine hatua mbili kutoka kwenye bomba.

Akatazama alichonacho. Dirisha lilikuwa juu, dogo kama daftari, na lina nondo mbili. Simu aliiacha mezani. Bisibisi alikuwa nazo tisa, zote zimelala sebuleni kwa mpangilio, na hata angekuwa nayo moja, vichwa vya skrubu vilikuwa nje. Alikumbuka siku alipozichagua dukani. Muuzaji alimwonyesha fupi, yeye akataka ndefu. Akageuza ndoo, akaikalia. Mbele yake kulikuwa na beseni la nguo zilizolowekwa, na bomba lilidondosha tone moja, likapumzika, likadondosha jingine.

Kilichomchekesha, kama kucheka kungeruhusiwa, ni kwamba hakuwa amekaa peke yake kwa dakika tano mfululizo tangu Tingatinga ajue kutembea. Chooni alifuatwa. Akila, kuna mkono mwingine kwenye sahani. Akiinama kulehemu waya, kuna mtu anampanda mgongoni na kumuuliza mbona sikio lake lina nywele. Leo amepata upweke wake, na amefungiwa nao.

Sebuleni kiti kikaburutwa. Kisha kitu kidogo cha chuma kikaanguka sakafuni, kikafuatiwa na kingine.

"Mwalimu. Mdogo wako anafanya nini?"

"Anafanya kazi yako."

"Kazi gani?"

"Anatia skrubu."

"Anatia wapi?"

"Kwenye kiatu."

"Kiatu cha nani?"

"Chako. Sasa amehamia kwenye kile kingine."

Fundi akasimama, ndoo ikataka kupiga kelele, akaidaka. "Hajatia mdomoni?"

"Ngoja nikamuulize."

"Usimuulize, mfungue mdomo uangalie," alinong'ona, lakini vinyayo vilikuwa vimekwenda zao.

Akasubiri. Tone likadondoka. Skrubu hazikusikika tena, kiti hakikusikika, Mwalimu hakurudi. Katika nyumba yenye mtoto wa miaka miwili na nusu, kelele ni afya; kimya ndicho cha kuogopa. Fundi alimwona mwanawe kwa macho ya moyoni, amekodoa macho, mashavu yamejaa, skrubu ya feni imekwama kooni. Akaita mara mbili kwa kunong'ona. Hakuna aliyemjibu.

Akavuta pumzi ya kupiga kelele, kifua kikajaa, na papo hapo akajifuma. Si pumzi yote iliyokuwa ya ile skrubu. Kelele moja tu, na mwaka mzima angekula chakula kikiwa bado cha moto. Angeacha bisibisi mezani na kuikuta mezani. Angelala, mkewe angelala, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu, kwa sababu mtoto alikuwa hatarini na baba yeyote angepiga kelele. Aliona aibu, akaona na hamu vilevile, na aibu haikuiondoa ile hamu. Kwa muda ambao hakupenda kuupima alisimama na pumzi yake kifuani, hajui anapiga kelele kwa ajili ya nani.

Tone likadondoka.

"Mama watoto!" akapaza sauti. "Mtoto! Skrubu!"

Komeo likafyatuka kabla hajamaliza neno la mwisho. Mkewe alikuwa mlangoni na gauni lake la kulalia, macho mekundu, na hakumtazama. Alikuwa amekwisha kugeuka kwenda sebuleni. Fundi akamfuata mbio. Tingatinga alikuwa chini ya meza, ametulia tuli, na Mwalimu amemlalia nusu mwili, kiganja cha dada kimeziba mdomo wa mdogo. Mama akakiondoa kile kiganja, akatia kidole kwenye shavu la kwanza, akatia kwenye la pili, akatoa kifungo cha shati. Hakikuwa skrubu. Wakahesabu skrubu viatuni wote wawili, wamepiga magoti, wakazipata zote kumi na mbili.

Fundi akakaa sakafuni. Ilimchukua muda kuona kilichokuwa hakiingii akilini.

"Umefikaje upesi hivyo?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa chumba."

"Nimekuamsha."

"Hujaniamsha. Sijalala."

"Leo?"

"Leo, jana na juzi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikisikia kimya kile naona kama wameshaondoka. Nalala nikitega sikio, nikisubiri hata kikombe kianguke. Hakianguki."

"Jana uliniambia umelala kama gogo."

"Ulitaka nikwambie nini?"

Siku tatu alikuwa anamlinda mtu aliyelala, na siku tatu mtu huyo alikuwa macho upande wa pili wa ukuta, akijifanya kulala ili watoto wasiende. Na yeye, dakika mbili zilizopita, alikuwa amesimama bafuni akiwaza chakula cha moto.

Mwalimu alikuwa bado chini ya meza. Alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, na aliposema, alisema kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu tena wa kulindiwa usingizi.

"Siyo mtoto aliyekuamsha," alimwambia mama yake. "Ni baba. Ndiyo maana nilimfungia."

"Ulimfungia kwa sababu ya sheria yako ya komeo," fundi akasema.

"Hapana. Kwa sababu wewe ndiye una kelele." Akaanza kumhesabia kwa vidole. "Juzi uliangusha koleo. Jana ulipiga chafya tatu. Leo nikakuona unakimbia na taulo, nikajua zinakuja nyingine. Sisi hatujapiga kelele hata moja. Mtoto nimemfundisha. Akitaka kulia namziba."

Mama yake akashuka sakafuni akakaa. "Nani alikwambia umzibe?"

"Mlisema mama akiamshwa tunapelekwa kwa bibi. Mlisema kule chumbani."

"Tulikuwa tunanong'ona."

"Minong'ono naisikia," mtoto alisema. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua ratiba yake, "Basi ndiyo leo? Nguo za mtoto nimeshaziweka kwenye begi. Zangu bado, zilikuwa kwenye beseni."

Fundi alikumbuka lile beseni alilolikodolea macho muda wote ule akijionea huruma. Alikuwa ameamini kwamba kazi ya kuibeba nyumba ile imemwangukia yeye, kumbe aliyeibeba alikuwa na miaka mitano, na alikuwa ameibeba kwa siku tatu, kwa kiganja chake kwenye mdomo wa mdogo wake, akihesabu makosa ya baba yake bila kumwambia.

"Hamwendi," mama alisema.

"Lakini hujalala."

"Ndiyo, sijalala. Na hamwendi."

Mwalimu alimtazama kwa makini, kama anavyomtazama mtu aliyekosea hesabu. Akamgeukia baba yake kuhakikisha. Fundi akatikisa kichwa: hamwendi. Midomo ya mtoto ikaanza kucheza, akaibana, ikamshinda, na kilio kikatoka. Hakikuwa kilio cha asubuhi hiyo peke yake. Kilikuwa cha siku zote tatu, kikubwa kuliko mwili wake, na Tingatinga, ambaye alikuwa amenyimwa kulia muda mrefu na hakutaka kuachwa nyuma, naye akafungua mdomo wake wote. Jirani akagonga ukuta. Fundi akawavuta wote wawili mapajani, mmoja huku na mwingine huku, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakumwambia mtu nyamaza.

Saa sita ilikuwa bado, lakini mkewe akachukua simu. Jioni alikuwa na zamu nyingine, na hakuna kati yao aliyejua ataimalizaje amesimama. Hilo walikuwa hawajalizungumza. Simu ikaita mara moja tu. Bibi alikuwa anaisubiri.

"Mwanangu, umelala?"

"Sijalala, mama."

"Basi. Niwapokee lini? Nimeshaandaa chumba. Mbona kelele hivyo? Nani analia?"

"Wote," akasema, na yeye mwenyewe sauti ilikuwa imeanza kumkatika.

"Sikusikii."

"Hawaji, mama."

"Nini? Sogea mbali na hizo kelele, sikusikii."

Hakusogea. Alivuta miguu yake karibu zaidi na mume na watoto pale sakafuni, akaziba sikio moja kwa kidole, akapaza sauti juu ya vile vilio viwili.

"Nimesema hawaji."