Pango Lisilo na Mlango wa Siri

Nchi ya Kirambo ilikuwa bonde pana la vumbi jekundu, na juu ya kilima chake pekee palikuwa na meza. Kuizunguka walikaa Waketi, watawala walionenepa hata viti vikawabana, wakicheza mchezo mmoja kutwa kucha: kila mmoja alijifanya shujaa, akapita kwa dadu na maneno ndani ya mapango yaliyochorwa karatasini, akiua mazimwi na kujitwalia hazina. Bondeni watu walisubiri maji. Kilimani mashujaa walisubiri zamu. Pango lilipowanogea, Waketi waliamuru lichimbwe kweli chini ya kilima, wapate pa kuwatia wenye midomo. Waashi wa Kirambo nao walikuwa na mwiko wao: hawakutoboa wala kuziba jiwe lolote pasipo ramani kusema.

Ramani zote zilichorwa na Sikudhani. Hakuruhusiwa kucheza, kwa kuwa alijua siri ya kila kona. Alikaa nyuma ya pazia akiwasikiliza Waketi wakicheka, na shujaa alipofika mlangoni, yeye ndiye aliyetangaza kilichokuwa ng'ambo. Waketi hawakupenda kushindwa. Wakikwama walipiga meza na kufoka, "Futa ukuta!" naye alichukua kifutio akaufuta. Jioni, chumbani kwake, alitandaza ramani ambazo hakuna aliyeziagiza, akarusha dadu kwa mkono wa kulia kwa ajili yake mwenyewe na wa kushoto kwa ajili ya Tegemea. Upweke ulimuuma kama jino bovu.

Tegemea alikuwa mwenzake wa utotoni, mtu pekee aliyewahi kucheza naye, enzi zile walipochora mapango mchangani kwa kijiti. Sasa alikuwa amekamatwa kwa kuuliza hadharani maji yamekwenda wapi.

Bungala, Mketi Mkuu, akamwita Sikudhani.

"Mapango yako yote yana mlango wa siri, binti. Wafungwa wanachomoka tu. Hili la Tegemea nataka lisiwe na hata tundu la panya."

"Na mlango wa kuingilia, mheshimiwa?"

"Ujifunge wenyewe nyuma ya anayeingia. Ukishajifunga, basi."

"Hautafunguka tena, si kwa ndani wala kwa nje."

"Ndicho ninachotaka. Au nikutafutie nafasi humo humo?"

Sikudhani akachora huku akilia, na waashi wakachonga kila mstari kama ulivyokuwa.

Siku ya kuzindua, Tegemea aliletwa akiwa amefungwa mikono. Lakini Waketi walipoliona pango jipya, ambalo hakuna shujaa aliyewahi kulikanyaga, uchu ukawapanda. Wakanyakua panga zao za dhahabu, taa moja na mfuko wa dadu.

"Mheshimiwa, huo mlango—" Sikudhani alianza.

"Nyamaza! Usitutolee siri, utamu utaisha!" Bungala akamkatiza, akaingia, na wenzake wote wakamfuata.

Jiwe likateremka nyuma yao.

Kwanza kilisikika kicheko kirefu. Kisha sauti zikazunguka, zikarudi palepale, zikazunguka tena. Mwishowe ngumi zikagonga jiwe.

"Sikudhani! Futa ukuta!"

Waashi wakamgeukia, patasi mkononi. Ramani ilikuwa mapajani mwake, na mstari mmoja wa kalamu ungetosha. Tegemea alikuja akaketi karibu naye, bega kwa bega, na Sikudhani akahisi joto la mtu mwingine upande wake baada ya miaka mingi. Alitamani kulia.

"Utawachorea mlango?" Tegemea aliuliza.

"Sijui. Nilikuwa nakurushia dadu zako, unajua? Mara nyingi ulinishinda."

"Futa ukuta, tunakuamuru!"

Sikudhani akaweka kifutio chini. Akalisogelea jiwe na kutamka maneno ambayo kanuni za mchezo zilimtaka aseme kila shujaa alipoomba kufunguliwa, kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa nambari ya dadu tu, maneno ambayo Waketi hawakuwahi kuwa na subira ya kuyasikia:

"Rusheni dadu."

Ngumi zikakoma. Kisha zikasikika dadu zikibiringika juu ya mwamba, humo ambamo taa ilikuwa imeshazimika na hakuna aliyeweza kusoma nambari.