Nyasi za Demokrito

Rufina alikuwa amepangiwa upande mgumu wa mdahalo wa shule: kuwatetea Wagiriki wa kale mbele ya fizikia ya leo.

"Bibi, Demokrito alisema atomu haigawanyiki. Wanasayansi wa leo wameshaigawanya. Wapinzani wangu watanicheka."

Wagiriki aliowajua Bibi Hildegardi ni wale wa nyaraka za Paulo. Hata hivyo alifurahi kwamba mjukuu wake ameacha kwenda kutazama malori ya wanunuzi wapya wa kahawa, akaja kumsaidia kulima ngolo, yale matuta ya miraba yenye shimo katikati.

"Hiyo atomu aliiona wapi?"

"Hakuiona. Aliwaza tu kwamba kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo."

"Na chembe zipo?"

"Zipo."

Rufina akazoa nyasi zilizofyekwa, akazitupa nje ya shamba. Bibi akazirudisha bila kugomba, akazilaza miraba miraba, akaanza kuzifukia kwa udongo.

"Zitaoza, Bibi."

"Zioze. Maharage tutayapanda juu yake."

Rufina akaegemea jembe, kisha akacheka polepole.

"Basi nitakubali kwamba Demokrito alikosea. Halafu nitawauliza hao wa fizikia ya leo wamepanda juu ya mawazo ya nani."

"Waulize, mama. Ila kwanza tumalize mraba huu."