Jina Lililo Kwenye Laini

Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, Ndunge alifunga kibanda chake cha nafaka pale Waithaka kabla ya saa nne, akavaa sweta ya kanisani, akaenda mjini kuitikia wito wa ofisi ya kodi. Hakuogopa sana. Mtu anayeuza maharagwe na kulipa ushuru wa soko kila siku ana nini cha kuficha?

Afisa aliyempokea, kijana mpole aitwaye Kiema, alimgeuzia kioo cha kompyuta. Ndunge akapigwa na butwaa. Akaunti yake ya benki ilikuwa imeanikwa pale kama nguo kambani: karo, dawa za presha, hata sadaka.

"Mmeingiaje humu?"

"Ndiyo kazi tuliyopewa, mama. Sasa niambie. Karibu kila Jumamosi, miaka miwili, inaingia elfu moja isiyo ya kibanda. Jumla tisini na sita elfu. Hii ni biashara gani usiyotuambia?"

Zilikuwa za Lornah, rafiki yake wa Kabiria, aliyefulia watu nguo mtaani Jamhuri. Mumewe, Jackton, aliwahi kumvunja mkono, tena alizoea kumpekua: mkoba, simu, hata mkebe wa unga. Kwa hiyo kila Jumamosi Lornah alimtumia Ndunge elfu moja, kisha akaufuta ujumbe. Zikifika laki, angekodi chumba mbali na kuhama na watoto. Zilibaki Jumamosi nne.

"Si zangu," Ndunge akasema, kwa haraka ya mtu mkweli. "Namwekea rafiki. Anaitwa Lornah."

Kiema akabonyeza, akakunja uso. "Hakuna Lornah hapa. Aliyetuma ni Jackton. Laini ya simu ni yake."

Ndunge akakumbuka. Jackton ndiye aliyemnunulia mkewe simu walipooana, na laini akaiandikisha kwa kitambulisho chake mwenyewe. Ujumbe wa benki ulikuja na jina hilo kila wiki, naye Ndunge hakuwahi kuona ubaya wowote.

"Basi andika ni zangu! Ni faida yangu. Nitalipa kodi yote."

"Mama, sasa hivi umesema si zako."

"Nilidanganya."

"Usihangaike. Nimeshamtumia mwenyewe ujumbe, kwa nambari aliyojiandikishia kodi, aje athibitishe. Nakusaidia, mama." Akatabasamu kama mtu aliyetenda hisani.

Ndunge alipiga simu ya Lornah mara saba akishuka ngazi. Haikupokewa. Alipofika Kabiria, alimkuta Jackton ameketi kwenye stuli mlangoni, simu mbili mapajani: yake na ya mkewe.

"Karibu, shemeji! Kumbe wewe ndiye benki yangu? Tisini na sita elfu, na mimi nakopa ya chai!" Alicheka hadi akakohoa. "Usiniangalie hivyo. Si mimi nimesema ni zangu. Ni serikali."

"Unajua ni jasho la nani, Baba Quincy."

"Unajua kuliko serikali? Kesho naenda kusaini, halafu unanirudishia. Ukikataa, tutaonana polisi."

Lornah alikuwa nyuma yake, ameinamia beseni tupu, ameushika mkono ule uliowahi kuvunjika. Ndunge alingoja apige kelele, amtukane mumewe, au alie. Neno moja tu lingemtosha Ndunge akatae.

"Mpe, dada," Lornah akasema bila kuinua macho. "Huko mjini anayejulikana ni yeye."

Alhamisi, Ndunge alimpa. Ofisi ikafunga faili, na Kiema akamtumia ujumbe wa kumshukuru kwa ukweli wake. Lornah angali anafua Jamhuri. Siku za Jumamosi simu ya Ndunge hailii.

Wewe uliyesoma hadi hapa, usikae na habari hii peke yako. Msomee mke wa jirani yako, umwulize laini yake imeandikishwa kwa jina la nani, kabla hajatuma hata shilingi kumi. Kisha mwachie karatasi hii, naye amsomee mwingine.